Kumalizia kabati la gemu kwa vifaa vya kawaida vya duka la ujenzi: anzeni na kingo

RandaNaMsasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimemaliza kabati langu la pili la gemu. Ni lile la kusimama, kama yale ya arkedi za zamani, zile kumbi za michezo ya video: skrini ya LCD, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi nyuma yake, jostiki mbili na vitufe vya kutosha wachezaji wawili. Kuhusu programu na waya, nyuzi za mjadala ziko tele humu jukwaani, sitarudia. Nataka tuzungumzie umaliziaji, ile hatua mtu anaifikia akiwa amechoka na mfuko umekauka. Mbao zimeungwa, gemu linacheza, lakini kila anayeingia chumbani anaona boksi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kabati linajulikana limefanyiwa kazi au limelipuliwa kwa kutazama kingo zake. Ubavu ni rahisi, ni sehemu bapa, rola ikipita imepita. Kingo ndipo kazi inapoonekana. Na vitu vya kuzitengeneza vipo kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, rafu za rangi, za vigae na za umeme.

Kabati la kwanza nililijenga kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18 nikalipiga rangi nyeusi ya mafuta mikono minne, yaani tabaka nne. Mbavu zikatoka safi. Kingo zikabaki na rangi ya kufifia, kavu, kama hazijaguswa. Sababu ni jinsi ubao huu ulivyo. Nyuso zake mbili zimeshindiliwa sana, ngumu na za kuteleza. Ukiukata unafungua tumbo, na tumboni ni nyuzi zilizolegea zaidi, zinanyonya kama sifongo. Unapaka, inanywewa. Unapaka tena, inanywewa tena. Rangi ya maji ndiyo mbaya zaidi hapo, maana maji yanaziamsha nyuzi zikasimama. Nikipitisha kidole nilisikia kama kidevu kilichonyolewa juzi. Na chini kabisa, pale deki linapopita, ubao ulikunywa maji ukavimba na kufumuka kurasa kurasa kama daftari lililosahaulika mvuani. Hilo liliniuma, kwa sababu juu lilikuwa bado zima.

Safari hii nimefanya hivi. Msasa namba 120 kwenye ukingo wote, halafu 180. Ile ncha kali ya pembe naivunja kidogo tu kwa msasa, iwe na kiduara kisichoonekana kwa haraka. Rangi haikai kwenye ncha kali, inajivuta pembeni na kuacha sehemu nyembamba itakayobanduka kwanza. Kisha gundi nyeupe ya mbao niliyoizimua kwa maji nusu kwa nusu, naipaka kwa brashi kwenye ukingo ili kuziba. Ikikauka, puti laini ya ukutani, naisukumia ndani kwa kidole na kuilaza kwa kipande cha plastiki. Msasa 220. Puti tena pale penye vishimo. Msasa tena. Halafu ndipo praima ya mafuta, ile rangi ya msingi.

Jinsi ya kujua kama ukingo uko tayari: zima taa ya chumba, washa tochi, ilaze ubapa sambamba na ukingo. Mwanga ukija kwa upande kila kishimo kinatupa kivuli. Macho ya mchana yatakudanganya, tochi haikudanganyi.

Wale wenye ruta ya mbao (mashine ya kuchonga mifereji na kingo) wanaweza kuchonga mfereji katikati ya ukingo na kugongea ule mkanda wa T wa plastiki, wenye ulimi unaozama ndani. Ndiyo njia ya makabati mengi ya zamani, na inalinda kona vizuri kuliko rangi yoyote. Lakini unahitaji biti maalumu ya mfereji mwembamba, kama milimita 1.6 hadi 2.4 kutegemea ulimi wa mkanda wako, na mfereji ukienda kombo huna pa kuficha. Mimi sina ruta. Mbadala nilioujaribu:

Pembe za alumini zenye umbo la L. Zinakatwa kwa msumeno wa chuma na kubandikwa kwa gundi ya kontakti. Nzuri mno kwenye kingo zilizonyooka, hazifai kabisa kwenye mikunjo.

Mkanda wa kingo wa kubandika kwa pasi. Unakunja kona za duara bila shida. Ni mwembamba, hivyo ukingo ukiwa na mawimbi utayaona yote.

Zile kona za plastiki za kumalizia vigae. Nimeziweka mbele ya paneli ya vitufe, pale viganja vinapoegemea, upande wa duara ukitazama nje. Ndicho kitu kilichonifurahisha kuliko vyote kwenye kabati hili.

Tepu nyeusi ya fundi umeme nimeona watu wakiipendekeza. Msifanye. Gundi yake inayeyuka kwa joto la mikono, tepu inateleza na kuacha uchafu wa kunata.

Karibuni, mwenye alichojaribu aongeze.

---

MkonoWaPili

Mkuu, asante kwa uzi. Nami niko hatua hiyohiyo, kabati limesimama sebuleni bila nguo mwezi wa tatu sasa. Swali: rangi umepiga kwa brashi, rola au ya kupuliza? Makopo ya kupuliza nimepiga hesabu ya kabati zima nikaona yataniumiza.

---

DadaWaRangi

Nitajibu hili kwa sababu rangi ndiyo kazi yangu ya kila siku, ingawa ni milango na madirisha, si gemu.

Kwanza, mwanzisha uzi, kwa heshima, ile gundi nyeupe iliyozimuliwa iache. Najua inafundishwa kila mahali. Ina matatizo mawili. Moja, maji uliyoizimulia ndiyo yaleyale yanayosimamisha nyuzi. Mbili, gundi ikikauka inabaki kama mpira, ukiipiga msasa inapata joto, inajisokota na kuziba karatasi ya msasa. Utaona vidonge vidogo vimeganda kwenye karatasi. Puti peke yake, ikifuatiwa na praima ya mafuta au vanishi ya sheleki, inatosha. Kama una sheleki, ni bora zaidi, inakauka chini ya saa moja na inapigika msasa ikawa unga mweupe. Ukiona unga mweupe umekaa vizuri. Ukiona vidonge, kuna kitu bado kibichi.

Sasa rangi. Kwa kabati, rangi ya mafuta na rola ndogo ya sponji, ile ya inchi nne yenye sponji la kubana, si ya manyoya. Manyoya yanaacha ngozi ya chungwa. Zimua rangi kwa tapentaini kidogo, kama sehemu moja kwa kumi, itandae yenyewe kabla haijashika. Narudia, tapentaini. Ile thina kali ya rangi za magari usiiguse hapa. Ukiipaka juu ya mkono wa rangi ya mafuta uliokwisha kukauka, inaukunja ule wa chini kama ngozi ya maziwa.

Mkono wa kwanza uwe mwembamba kiasi kwamba utajuta kuuona. Usirudi kujaza. Ngoja siku nzima. Msasa 320 kwa wepesi, kifute kwa kitambaa chenye unyevu, acha kikauke, mkono wa pili. Siku nzima tena. Mikono mitatu myembamba inashinda miwili minene kila mara, kwa sababu mnene unakauka ngozi juu na kubaki laini ndani, ukiweka kitu juu yake kinaacha alama.

Kabla ya mkono wa mwisho, nyunyizeni maji sakafuni na mzime feni. Vumbi la chumba chenye upepo linaweza kuua kazi ya wiki nzima.

Na matambara yenye rangi ya mafuta au vanishi msiyafinyange mkayatupa kwenye kona. Mafuta yanapokauka yanatoa joto, na tambara lililokunjwa linaweza kushika moto lenyewe. Yatandazeni nje hadi yakauke.

---

RandaNaMsasa

Dada, nashukuru sana. Vile vidonge kwenye msasa nilivipata, nikadhani karatasi ni mbovu, nikawa naibadilisha kila dakika kumi. Kumbe ilikuwa gundi. Wanaosoma, hatua ya gundi iondoeni kwenye maelezo yangu.

---

Plaiwudi_Daima

Mimi nauliza tu: kwa nini mnahangaika na MDF? Karatasi nzima ya milimita 18 inakaribia kilo arobaini. Unajenga kabati halafu unaomba majirani watatu wakusaidie kulipitisha mlangoni. Plaiwudi ni nyepesi, inashika skrubu kwenye kingo bila kupasuka, haivimbi kwa deki la siku moja. Langu nimepiga vanishi tu, ule mchoro wa mbao unaonekana, na kingo zake zile tabaka nimeziacha wazi, nimezipiga msasa hadi 320 na vanishi mikono mitatu. Hakuna puti, hakuna mkanda.

---

RandaNaMsasa

Mkuu, kabati la vanishi linapendeza, sikatai. Kwenye skrubu nakuunga mkono: MDF ukiipiga skrubu ukingoni bila kutangulia na tundu dogo, inachanika katikati kama mkate. Ila kwa anayetaka rangi ya kung'aa kama makabati ya zamani, plaiwudi ya kawaida ina nyuzi zitakazoonekana chini ya rangi, itabidi puti uso mzima. MDF inakupa uso ulio tayari na inakudai kwenye kingo. Nilichagua deni dogo.

---

KitufeChekundu

Naombeni msaada wa haraka, ndugu zangu. Nilitaka kufunika paneli ya vitufe kwa akriliki (plastiki ngumu angavu kama kioo) ya milimita 3 ili picha iliyochapishwa ikae chini yake. Kukata mistari iliyonyooka nimeweza, nimekwaruza kwa kisu kama mara kumi, nikavunjia ukingoni mwa meza, ikakatika safi. Kutoboa sasa. Tundu la kwanza la kitufe nimetumia biti bapa ya mbao, akriliki imepasuka kutoka tunduni hadi pembeni. Nina kipande kimoja tu kimebaki.

---

RandaNaMsasa

Pole sana. Usiguse kipande hicho hadi usome hapa.

Biti bapa ina ncha mbili zinazong'ata. Kwenye mbao zinang'ata na kuachia, kwenye akriliki zinang'ata na kuivuta yote juu. Fanya hivi: toboa mbao ya paneli kwanza, tundu zote, ukiwa umeibana na ubao wa taka chini yake ili upande wa pili usichanike. Kisha akriliki, bila kubandua karatasi yake ya kinga, ibane katikati ya mbao mbili za taka kama kitabu. Tumia ule msumeno wa mviringo unaofungwa kwenye drili, mwendo wa polepole, usikandamize. Kila baada ya sekunde chache inua, ipoe. Ukisikia harufu ya plastiki umekwenda haraka mno, na plastiki iliyoyeyuka ikigandana na msumeno ndipo inapopasuka. Matundu madogo ya bolti, tumia biti iliyolegea ukali kidogo. Biti mpya kali inafanya kosa lilelile la biti bapa.

Kipimo hakikisha na kitufe chako mkononi. Vya mtindo wa Kijapani vingi ni milimita 30, vya mtindo wa Kimarekani ni kama 28. Na angalia kinashikaje: vile vya kubofya na kunasa vimetengenezewa paneli nyembamba ya chuma, kwenye ubao wa milimita 18 havinasi kitu. Nunua vyenye nati ndefu.

Jingine: usisafishe akriliki kwa spiriti, thina wala dawa ya vioo yenye amonia. Inafanya nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, hazitoki. Maji na sabuni, kitambaa laini.

---

KitufeChekundu

Imekubali! Tundu zote kumi na sita, hakuna ufa hata mmoja. Nilikuwa nahesabu hadi tano, nainua, nahesabu hadi tano. Imenichukua mchana mzima.

Na jostiki nimezifunga kwa zile bolti za kichwa cha uyoga zenye shingo ya mraba, ambazo mafundi wanafungia mbao za paa. Kichwa nimekipiga rangi nyeusi. Kwa juu hakuna pa kuingiza bisibisi, panaonekana pamekamilika.

---

Wavu_na_Mwanga

Nichangie upande wa juu, pale penye jina la gemu, maana huko nimehangaika sana.

Vipande viwili vya akriliki, picha katikati, taa ya LED ya mkanda nyuma. Shida ya kila mtu ni kuona nukta za taa kupitia picha. Dawa ni mambo matatu. Ndani ya kijumba cha taa paka rangi nyeupe isiyong'aa, si nyeusi kama sehemu nyingine. Mkanda wa LED usiuelekeze kwenye picha, uelekeze nyuma au juu, mwanga ugonge weupe urudi. Na kipande cha nyuma badala ya akriliki angavu tumia ile plastiki ya rangi ya maziwa inayofunika taa za dari. Inauzwa kwa karatasi, inakatwa kwa kisu. Vyote hivyo vinashikwa na pembe za alumini juu na chini, skrubu mbili mbili, ukitaka kubadilisha picha unafungua.

Spika: vifuniko vya chuma vya mtaro wa bafuni. Ninamaanisha, wakuu. Ni vya mviringo, vina tundu zilizopangwa, havishiki kutu. Nimevipiga rangi nyeusi isiyong'aa na kuvifunga na skrubu nne. Kwa ndani nimebandika kitambaa cheusi chepesi.

Na nyuma ya kabati, chini, wekeni tundu la hewa lenye wavu. Juu kabisa lingine, na hapo ndipo feni ya kompyuta ya milimita 120 inatoa joto nje. Hewa ya moto inapanda yenyewe, mnaisaidia tu. Feni ya volti 12 ukiilisha volti 7 au 8 inazunguka kimya na inatosha kwa LCD na kompyuta ndogo.

Mwenye kutaka kuweka runinga ya zamani ya kioo kinene: usifungue mgongo wake kama hujafunzwa. Ile inabaki na umeme wa maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa.

---

MkonoWaPili

Nimerudi. Nimefuata maelezo ya Dada, kabati lina mikono mitatu sasa, na sijawahi kupaka kitu kikatoka hivi. Mkono wa kwanza kweli ulinitia huzuni.

Swali la mbavu. Nataka picha kubwa pande zote mbili lakini kuchapisha stika ya ukubwa ule siwezi kwa sasa.

---

DadaWaRangi

Tumia stensili, kaka. Makabati ya Pac-Man yaliyotengenezwa Marekani 1980 picha zake za ubavuni zilipakwa hivyohivyo, rangi moja moja juu ya manjano. Chagua mchoro wenye rangi mbili au tatu bapa, bila vivuli.

Nunua plastiki ya stika ya kawaida ya rafu za kabati. Bandika ubavuni, chora, kata kwa wembe bila kukandamiza, bandua sehemu ya rangi ya kwanza. Sasa siri yenyewe: kabla ya kupaka rangi mpya, pitisha kwanza rangi ya chini, ile iliyopo tayari ubavuni, kwenye ukingo wote wa stika. Ikivuja chini ya stika inavuja rangi ileile, haionekani, na inaziba njia. Ikikauka, paka rangi yako mpya, haitapata pa kupita. Bandua stika rangi ikiwa bado haijagumu, uivute kwa kuilaza nyuma juu yake yenyewe, si kuinyanyua wima. Mstari utatoka kama umekatwa kwa mashine.

Ila usibandike chochote sasa hivi. Rangi ya mafuta inakauka kwa mguso siku moja, lakini kugumu hadi ndani inachukua wiki kadhaa. Stika itaondoka na rangi yako. Subiri mwezi.

---

MkonoWaPili

Mwezi mzima, dada? Watoto wananiuliza kila jioni.

---

DadaWaRangi

Wacheze. Skrini iwekwe, vitufe viwekwe, wacheze. Mbavu tu ndizo zisiguswe, na msiliegemeze ukutani.

---

RandaNaMsasa

Na kabla hujalisimamisha, mkuu, lilaze chali utazame chini. Ile mikato ya chini ya mbavu ndiyo iliyoniulia kabati la kwanza, na karibu kila mtu anaisahau kwa kuwa haionekani. Puti, sheleki au praima, mikono miwili ya rangi, kama kingo nyingine zote. Kisha toboa kona nne za ubao wa sakafu, gongea zile nati zenye meno upande wa ndani, zungushia miguu ya bolti yenye kitako cha mpira. Kabati liinuke walau sentimita moja na nusu. Miguu hiyo pia inasawazisha sakafu isiyo sawa, unazungusha kwa spana mpaka liache kuchezacheza.

Langu hili la pili linadekiwa chini yake kila asubuhi, na mikato ya chini bado ni mikavu.